Foto ya Mama, kabla ya misa

Lubumbashi, Kamalondo
Jumapili usiku

Chantou wangu,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Papa yao amerudi kutoka Kolwezi? Sisi tupo. Umeme unakuja na kuondoka bila kuaga, lakini tupo. Najua nimenyamaza tangu Bonane, utanigombeza tukionana. Leo nina shida, na dawa yake iko kwako.

Misa ya mwaka mmoja ya Mama ni tarehe 16 mwezi wa nane. Yaya anataka foto kubwa ya fremu, sentimita 40 kwa 50. Nikachukua ile uliyonitumia kwa WhatsApp, ya ndoa ya Sarah, Mama na kitambaa cha kijani, anacheka mpaka pengo linaonekana. Kwenye simu inang'aa! Nikaipeleka kuchapishwa, dola 15. Chantou, walipoikunjua nilikosa maneno. Kovu la juu ya nyusi limefutika, pengo limekuwa doa jeusi, shavu lote vimiraba vimiraba kama sakafu ya karo. Shangazi akatazama, akauliza, "Huyu ni nani?"

Kijana wa pale akasema si neno. Akafungua kompyuta, akafuta namba 72 penye pikseli kwa inchi, akaandika 300, akanihakikishia kwamba sasa ni safi. Nami nikalipa tena, mjinga mimi. Ikatoka ileile.

Papa Fidèle alicheka sana nilipomsimulia. Ukipika bukari kwa unga wa watu watatu, akasema, ukaandika kwenye sufuria "watu thelathini", nani atashiba? Ile namba ni maandishi ya kwenye sufuria. Unga ni pikseli, vile vimiraba vidogo vinavyoijenga foto, na foto yetu ina 960 kwa 1280 basi. Kitu cha kutazamwa karibu kinataka kama pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Piga hesabu: upana wa sentimita 8 tu, kiganja changu! Sisi tumezitandaza hizohizo kwenye 40, zimebaki 61 kwa inchi. Bache ya barabarani, lile turubai la matangazo, ingevumilia, maana watu huitazama wakiwa ng'ambo. Lakini Mama watamkaribia, Shangazi atambusu kabisa.

Sasa, ile foto ilipigwa kwa simu yako ya zamani, si ndiyo? WhatsApp ndiyo iliyoipunguza njiani. Fungua ya asili kwenye galeri, gusa maelezo, usome vipimo. Ukikuta 3000 kwa 4000 au karibu na hapo, piga vigelegele: ni pikseli 190 kwa inchi, na Papa Fidèle anasema kwa fremu hiyo inatosha. Kisha nitumie kama dokumenti, si kama foto. Usipige picha ya kioo cha simu, tafadhali, tutarudi kulekule. Na usimkate Da Betty kwenye foto! Najua mna maneno, lakini ukikata unapunguza unga, na ukikosea mahali pa kukata sitaweza kurudisha. Nitamkata mwenyewe hapa, kwa adabu, nikijua Mama amebakiwa na pikseli ngapi.

Kama megabaiti ni ghali wiki hii, tia kwenye flashi, umpe yule dereva wa Likasi anayeleta samaki wa Mama Kyungu. Kama simu imekufa, si ulikuwa na ya karatasi kwenye albamu, ya 10 kwa 15? Ipitishe kwenye skana kwa pikseli 600 kwa inchi, ukifuta vumbi kwanza. Usiilaze mezani ukaipiga kwa simu chini ya taa, itang'aa paji lote la uso.

Dola 30 zimekwenda na misa haijafika, na kitenge cha familia bado hatujakilipa. Yaya anasema nimezubaa. Labda.

Simu ile unayo bado, au ulimpa Junior? Kadi yake ya kumbukumbu je? Utakuja siku ngapi kabla, tukutandikie? Wewe utaleta sombe au niagize hapa? Na jambo moja linanisumbua tangu juzi, hata Yaya tumebishana: lile pengo la Mama lilikuwa upande wa kushoto au wa kulia?

Wako,
Nini