Simu zetu ni ARM, tufundishwe hivyo

Mhariri naomba nafasi kidogo. Huku Tabora wengi tunaojifunza kuandika programu tunafundishwa kutafuta neno kwenye maandishi herufi moja moja, wakati prosesa (chipu zinazoendesha programu) za aina ya ARM zilizojaa kwenye simu zetu zina NEON, yaani seti ya amri inayolinganisha baiti 16 (herufi 16 za kawaida) kwa mpigo, na ukianzia kwenye anwani ya memori inayogawanyika kwa 16 huwezi kuangukia ukurasa (kipande) mwingine wa memori, ambao huenda huruhusiwi kuusoma na programu ikaanguka, hata ukisoma kupitiliza mwisho wa maandishi, hapo ndo utamu wenyewe! Ila jamani msikopi tu msimbo wa programu ulioandikwa kwa prosesa za Intel za kompyuta, zile zina amri moja inayokusanya majibu yote 16 ya kulinganisha kwenye biti 16, NEON haina, inabidi uzungukie kwingine. Walimu wa kompyuta tufundisheni haya.

Msomaji, Tabora