Bango la miti limesema kinyume, nanyi mkalipitisha

Mhariri,

Miaka yote hii nimewasoma kimya, lakini ile habari ya upandaji miti Kasulu, yenye picha ya bango la Kiingereza, imenishinda. Bango limetamba kwamba mradi uta-"exacerbate" juhudi za wananchi. Mwandishi wenu akatafsiri "utaongeza kasi ya juhudi", akapita zake. Mjuzi wa Kiingereza amesoma hivi: juhudi za wananchi ni balaa, na mradi umekuja kulizidisha.

Kitenzi hiki hakibebi kila ongezeko. Kinachozidishwa lazima kiwe kibaya: maumivu, uhaba, ugomvi. Tena ubaya huo uwepo tayari, maana kitenzi hakianzishi tatizo, kinalikuta. Ukikata miti kwenye mlima ambao tayari unamomonyoka, ume-"exacerbate" mmomonyoko. Ukiikata kwenye mlima ambao haujaanza kumomonyoka, umeusababisha, na hapo kinatakiwa kitenzi kingine. Kinadai pia shamirisho: jambo fulani limezidisha tatizo fulani. Tatizo likizidi lenyewe, Waingereza husema "worsen". Asili yake ni Kilatini, "acerbus", yaani chungu au kali, kwa hiyo uchungu umo tangu kwenye mzizi. Madaktari ndio wanaokitumia kwa adabu: mwenye pumu akibanwa ghafla kuliko kawaida yake, huandika "exacerbation", kwa kuwa pumu ilikuwepo na sasa imepamba moto. Juhudi, kampeni na doria zina "intensify" na "step up", visivyo na ugomvi na jambo jema. Halafu kuna wanaokichanganya na "exasperate", ambacho ni kumkera mtu mpaka uvumilivu umwishie. Hicho mnaweza kukitumia kwangu leo.

Na mtafsiri asijitetee kwamba Kiswahili ni kikavu. Tuna kutonesha: kidonda kipo, kinaguswa, kinauma upya. Kwa mgogoro wa mashamba, andikeni umechochewa.

Kijana mmoja hapa Mwanga ameniletea barua ya kuomba kazi niipitie. Ameahidi, kwa Kiingereza, ku-"exacerbate" mauzo ya mwajiri! Kumuuliza kalitoa wapi neno hilo, akasema kwenye bango la Kasulu, na gazeti lilishathibitisha kuwa ni zuri.

Na kwa kuwa nimeshaanza: lini mtaachana na "kupelekea"? "Mvua ilipelekea daraja kubomoka." Ilimpelekea nani? Hiyo ni kauli ya kutendea, na inataka mtu wa kupokea: nimempelekea shangazi dagaa Uvinza. Mvua haikumpelekea mtu kitu. Ilisababisha daraja kubomoka, au kwa ufupi zaidi, ililibomoa. Mnaandika maneno matatu pale ambapo mawili yangetosha, kisha mnalalamika nafasi ni ndogo na barua za wasomaji mnazikata.

Napendekeza kila atakayepitisha "exacerbate" kwenye jambo jema atozwe kisado kimoja cha dagaa wakavu wa Kigoma, waliochambuliwa, wasio na mchanga, wakabidhiwe msahihishaji wa prufu kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Wa "kupelekea" atoe viwili, kwani yeye hana hata Kiingereza cha kusingizia.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma