Wanangu mnaosubiri kurithi duka, na sisi wazee tusiotaka kuliachia

Wanangu, nawaandikia nyie mliokulia nyuma ya kaunta, baba bado yupo ila kimoyomoyo mshaanza kupangiana nani atakalia kile kiti. Na wazee wenzangu msijifanye haiwahusu, nusu ya barua ni yenu.

Tuskys, zile supamaketi za Kenya, mnazikumbuka? Mzee Joram Kamau alianzia kule Nakuru, akafariki 2002, akaacha watoto saba. Wavulana watano wakapata hisa asilimia 17.5 kila mmoja, mabinti wawili 6.25 kila mmoja (hiyo ya mabinti tuiache, nikianza hatutamaliza leo). Sasa hisa zinagawanyika, kiti hakigawanyiki. Ndugu wakafikishana mahakamani huku matawi yanazidi kufunguliwa, kufika 2020 masapulaya hawajalipwa, shelfu tupu, matawi yanafungwa moja baada ya jingine. Sisemi ugomvi peke yake ndio ulioua, madeni yalikuwepo na korona ikaja juu yake, lakini ndugu wasioongea nani atawakopesha? Naivas, supamaketi nyingine ya familia, nao wametokea hukohuko Nakuru, nao walishtakiana, ila wakakubali kuuza sehemu ya hisa kwa watu wa nje, na mpaka leo maduka yao yako wazi.

Msidhani ni sisi Waafrika tu. Kuna watafiti walizipima kampuni za Denmark wakakuta kiti kikienda kwa mtu wa familia badala ya mtu wa nje, faida ikilinganishwa na mali ya kampuni inashuka pointi nne za asilimia au zaidi. Na bosi ambaye mtoto wake wa kwanza ni wa kiume ndiye aliyekuwa na uwezekano zaidi wa kukiacha kiti nyumbani. Denmark hiyo jamani!

Kwa hiyo wanangu, kula gawio la faida ya hisa zako ni haki yako, umeneja sio haki yako. Kama mnayemwona anaweza ni mdogo wenu, au ni yule mhasibu wa kuajiriwa, mpeni, halafu mumdai mahesabu kila mwezi.

Sasa wazee. Kijana ana miaka arobaini na kitu bado anakupigia simu kuomba hela ya kuli, binti anajua kila sapulaya anadai shilingi ngapi na wewe unamtambulisha kwa wageni kama "ananisaidia saidia". Biashara iko kwa jina lako binafsi, hapo ukifumba macho akaunti inazuiwa mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na kontena lililoko bandarini halisubiri arobaini yako, storeji inahesabiwa kila siku. Sajili kampuni pale BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni Tanzania, kampuni haifi na mtu. Ila hata ukisajili, kama mwenye saini ni wewe peke yako bado watakwama tu, kwa hiyo wiki hii hii nenda benki ukaongeze msaini wa pili, na umchukue yule binti na kitambulisho chake.