Mabomba usiyapeleke Mamba

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwenu nyote, na Mama Neema mwambie ndizi zimefika. Mengine baadaye, maana hili la Jumamosi linanikosesha usingizi: eti kila mwanafunzi aje na kipande cha bomba chakavu akakifue kwa wahunzi wa kule Mamba, jirani na Marangu? Yale mabomba ya maji yamepakwa zinki, Mwalimu! Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma cha kufuliwa kinapita hapo. Ukivuta moshi wake mweupe, jioni unashikwa na baridi, homa na kikohozi, utadhani malaria. Usiniambie mtakwangua kwa msasa, ndani je?

Waje na springi za gari. Kipande cha shubiri moja kinatosha kisu. Nondo iwe ya ndoano tu, mara nyingi haishiki makali. Ila springi ina vituko vyake. Ifuliwe ikiwa na rangi ya chungwa. Ikififia kuwa nyekundu ya giza irudishwe motoni, kwani ukiipiga hapo inapata nyufa. Ikirusha cheche nyeupe imeungua, tupa. Kuizimisha ili iwe ngumu, ipashwe mpaka sumaku isinase, kisha izamishwe kwenye mafuta ya kula yaliyopata vuguvugu. Maji huipoza haraka mno: utasikia "ti!", ufa huo. Halafu isuguliwe ing'ae na ipashwe tena polepole hadi ipate umanjano wa majani makavu, la sivyo ikidondoka inakatika.

Viriba vya ngozi ya mbuzi, vile vya kuvuvia moto, watavigombania. Vibanwe kwa kupokezana, kushoto, kulia. Vikibanwa pamoja upepo unakatika. Na mdomo wa kiriba usizibane kabisa na bomba la udongo linalopeleka upepo motoni, kiachwe kinafasi, kisije kikanyonya makaa.

Mkianzia makumbusho ya Marangu, wasitoke wakidhani chuma kilichimbwa mlimani. Kilitoka Upare, kwa Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, Wachagga walikifua.

Lakini mabomba, Mwalimu! Na mabati, na bolti zinazong'aa kwa zinki, vyote vibaki nyumbani. Jezi za nailoni pia, cheche zinaziyeyushia mwilini.

Sasa nijibu: wako wangapi? Wahunzi wana habari, au mtawavamia tu? Mafuta anabeba nani? Yule fundi wa Himo ana springi chakavu, nimwambie akate vipande? Na koleo langu linarudi lini?

Wako,
Jirani wa zamani