Kile kitambaa si taulo ya jikoni

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu niliporudi kutoka masomoni Leningrad, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika makala ya Jumapili kuhusu vitambaa vya vijijini Urusi, chini ya picha ya kitambaa cheupe cha kitani chenye darizi nyekundu miishoni, mmeandika: "taulo ya jikoni".

Jikoni kimefuata nini? Vijijini kule, kitambaa kama hicho hutundikwa juu ya picha takatifu, kwenye kona ya heshima. Mgeni hupokewa kwa mkate na chumvi juu yake. Bibi harusi aliwagawia wakwe vile alivyodarizi mwenyewe tangu usichana wake, nao wakampima kwa kazi ya mkono wake. Hata jeneza lilishushwa kaburini kwa vitambaa hivyo. Na maradhi ya mifugo yalipoingia, wanawake wa kijiji walikusanyika, wakasokota, wakafuma na kumaliza kitambaa kizima ndani ya siku moja, ili balaa liondoke.

Nina sababu ya kuumia. Marehemu mama mkwe wangu, mzaliwa wa Vologda, kaskazini mwa Urusi, alituachia kimoja alichorithi kwa mama yake: ndege wawili wanatazamana, mti katikati, na uzi umepitishwa kwa namna ambayo mbele na nyuma ni sawasawa, fundo hulioni. Binti yetu alipoolewa tulimkabidhi mpambaji wa ukumbi, tukamweleza vizuri kuwa ni cha kuwekea mkate. Tulipofika tulikikuta kimetandikwa chini ya kreti za soda, kimelowa chapachapa! Kijana wake akasema alidhani ni dasta. Mke wangu alilia mbele ya wageni. Amekiloweka, amekifua kwa mkono, lakini doa la soda ya chungwa lipo mpaka leo, juu ya bawa la ndege mmoja.

Khanga nazo tumezifikisha huko huko. Madukani zimejaa za nailoni zisizonyonya hata jasho, majina yake yamekosewa herufi, na hakuna anayelalamika. Mtoto mchanga utampokea kwa nguo ile?

Naomba mrudie picha hiyo, nusu ukurasa, mkionyesha pindo mbele na nyuma, na maelezo sahihi chini yake. Mpiga picha akikosa kitambaa, kwangu kipo. Aje kabla ya saa nne asubuhi, wakati dirisha la sebuleni lina mwanga.

Msomaji wenu,
Morogoro