Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: mkataba kwanza, doria baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Kila wananchi na askari wa misitu wanapokabiliana, taarifa inayofika mezani kwako huwa fupi: wavamizi wameondolewa. Kabla hujaipokea, naomba uulize kama kijiji jirani kina mkataba wa kuusimamia msitu huo pamoja na Serikali.

Sheria ya Misitu ya 2002 iliweka njia mbili. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji, kijiji chenyewe huutenga, huutungia sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Hifadhi ya Serikali yaweza kusimamiwa kwa ubia kati ya Serikali na vijiji jirani, kwa mkataba. Ugomvi uko hapa kwenye ubia. Kamati za maliasili za vijiji zilipewa doria, lakini mgawo wa mapato ukaachwa gizani, na mikataba mingi ikakaa miaka bila saini. Mwanakijiji anakosana na jirani yake mchoma mkaa kwa ajili ya mali asiyojua fungu lake ni lipi. Anaambulia kuni za kuokota na ruhusa ya kutundika mizinga. Mimi ningechoka mapema zaidi.

Wizara yako inaujua msitu wa Duru-Haitemba, kule Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi yake. Mipaka ikapimwa, wananchi wakakataa, na wengine wakazidisha kukata: ukishajua kesho si chako, utamtunzia nani? Ugomvi haukumalizwa na askari. Ulimalizwa na uamuzi wa kuviachia vijiji msitu, kuanzia 1994, miaka minane kabla ya sheria yenyewe. Vikateua walinzi wake, vikapiga marufuku mkaa, vikatoza faini, na miti ikarudi.

Najua utasema si kila msitu unaweza kukabidhiwa vijiji. Kweli. Misitu ya Uluguru inalisha mto Ruvu, na Ruvu inanywesha Dar es Salaam, sidai igawiwe. Nadai anayeilinda alipwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni, si kwa hisani ya ofisa aliyepo. Mkataba usomwe na kusainiwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Pasipo mkataba, mwanakijiji asitumwe doria.

Na bajeti yako ijayo ikisomwa Bungeni, itaje kila hifadhi na vijiji vyake: vipi vimesaini, vipi bado, na vimelipwa kiasi gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Morogoro