Nimeogelea na potwe

Kilindoni, Mafia
14 Januari

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na wote wa hapo Likoni. Mimi ni mzima, ila mabega yanauma kwa sababu ambazo utazisoma hapa chini. Nilikuahidi kukuandikia mara nikifika, lakini siku za kwanza sikuwa na habari ila za safari: basi hadi Nyamisati, kisha meli iliyotoka katikati ya mikoko ya Rufiji na kutuleta hapa. Leo ninayo.

Unajua kwamba nimekulia Dodoma na kwamba nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, kwa hiyo sikuthubutu kuanza na bahari wazi. Nilianzia Utende, katika ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Kijana aliyenifundisha alinivisha miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni, akaniambia nilaze uso majini na nipumue taratibu kama mtu aliyelala. Mara ya kwanza maji yaliingia kwenye mrija, nikayameza, nikashika kamba ya mashua kwa mikono miwili. Mara ya tatu nilisahau kwamba ninapumua kwa mrija, kwa sababu chini yangu kasa alikuwa akila nyasi za bahari, akizikata kwa mdomo wake kidogo kidogo, bila haraka, kisha akapanda juu kuvuta pumzi karibu nami kiasi cha kuyaona magamba ya shingo yake.

Jana asubuhi ndipo tulipokwenda kumtafuta potwe, yule ambaye ninyi wa Mombasa mnamwita papa shilingi. Msimu wake huku ni kuanzia Oktoba hadi Machi, na hatukulazimika kwenda mbali, kwani hujilisha karibu na pwani ya Kilindoni, mahali ambapo wavuvi wa dagaa hutupa nyavu zao. Nahodha alitutahadharisha tusimguse, tusimzibie njia, wala tusisogee karibu na mkia wake. Kisha akazima mashine, akanyoosha kidole kwenye kivuli kilichokuwa kinakuja, akasema, "Shukeni polepole, msirukie maji."

Zuhura, nilijua kwa kusoma kwamba huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani na kwamba hana haja na nyama ya mtu, lakini mwili haukujua hivyo, ukaganda. Alitokea kwenye maji yenye ukungu akiwa na urefu wa mita sita hivi, kinywa wazi kama ungo, na mbele ya kinywa hicho walitangulia kolekole wadogo wa manjano, kana kwamba wanamwonyesha njia. Chini ya tumbo walikuwa wamemng'ang'ania chazo, wale samaki wanaojibandika kwa wakubwa kuliko wao. Alipita ubavuni mwangu, nikahesabu mianya mitano ya matamvua yake ikifunguka na kufunga, nikayaona madoa meupe yaliyopangwa mgongoni safu kwa safu. Nahodha anasema mpangilio wa madoa haufanani kwa potwe wawili, na watafiti huwatambua kwa picha za ubavu, mmoja mmoja. Baadaye alisimama wima, kinywa kikiwa usawa wa maji, akawa anafyonza uduvi. Ndio, uduvi! Mnyama anayeweza kukua hadi kuwa mzito kuliko tembo anashiba kwa kitu ambacho mama yako hukikausha juani. Mabega yangu yanauma kwa kuwa nilimfuata mpaka nguvu zikaniishia, naye hakuwa hata akiongeza mwendo.

Jambo moja limenikaa moyoni tangu jana. Upande huu wa magharibi wa kisiwa anakojilisha potwe uko nje ya mipaka ya hifadhi, na kwa kuwa yeye na dagaa hufuata chakula kilekile, mara nyingine huzungukwa na wavu pamoja nao. Nilimuuliza nahodha, ambaye amevua dagaa miaka mingi, wanafanya nini hapo. Akanieleza kwamba huteremsha upande mmoja wa wavu na kumsubiri atoke, ingawa dagaa wengi hutoka naye, na usiku huo watu hurudi na kidogo. Nilimheshimu sana mzee yule. Naona usalama wa potwe uko zaidi mikononi mwa watu kama yeye kuliko mikononi mwetu tunaokuja na miwani kwa siku mbili.

Nitakuwa hapa hadi Ijumaa, na kesho narudi Utende kujaribu kayaki maji yakijaa. Tafadhali muulize bibi akusimulie tena, mwanzo hadi mwisho, ile hadithi ya jinsi papa huyu alivyomwagiwa shilingi mgongoni, uniandikie yote. Nimemwahidi nahodha kwamba nitamsomea, maana huku Mafia hakuwahi kuisikia.

Wako akupendaye,
Neema